Kilima Katika Bonde la Gaspari

Mhandisi Cassian Mwesiga alikuwa na maoni mazito kuhusu kipanya cha kompyuta, na Inspekta Mackrine hakuwa amemuuliza.

"Kipanya ni cha watoto," alisema, akijilaza kwenye kiti chake cha kuzunguka. "Cha watoto, na cha watu kama Lameck pale. Mtaalamu anafanya kazi kwa vidole, afande mama. Shotikati! Mkono wa kushoto kwenye kibodi, macho kwenye skrini, basi."

Lameck, mmoja wa wachoraji wawili wa ofisi ile, alikuwa dirishani akisukuma kipanya chake polepole, akifungua orodha hii na kuifunga, akifungua ile, mpaka aikute amri aliyokuwa akiitafuta. Masikio yalimwiva kwa aibu, ila hakuinua kichwa. Mchoraji wa pili, Noela, hakuwepo. Kiti chake kilikuwa kitupu tangu polisi walipomchukua, na mhandisi alikuwa amekwisha kukifanya mahali pa kutundikia koti.

Mezani kwa mhandisi palikuwa na mfuko wa senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa. Msimu ulikuwa umekolea na Kayanga nzima ilinukia mafuta. Cassian alichota, akatafuna, akajipangusa vidole kwenye suruali, akarudi kwenye kibodi. Hakumkaribisha mgeni. Mackrine alikuwa mtu wa Muleba, amekua akiona hata maadui wakisogezeana bakuli la senene kabla ya kuanza kutukanana, na katika kazi yake ya upelelezi alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe waliokuwa na adabu kuliko huyu. Alivuta kiti mwenyewe, maana hicho nacho hakupewa, akamwashiria Konstebo Elpidius aandike.

Kesi yenyewe ingekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa na mtu mahabusu. Kule Kituntu palikuwa pajengwe bwawa la maji. Ofisi ya Cassian ilipewa kazi ya kupima ardhi na kuiunda upya ndani ya kompyuta, vilima na mabonde yake, ili programu iseme tuta la bwawa likae wapi na maji yatande mpaka wapi. Kipimo cha kwanza kilisema kile ambacho kila mtoto wa Kituntu angekisema bure: maji yatakaa katika bonde la Gaspari, kwenye mafunjo, mahali ambapo ng'ombe akizama hutolewa kwa kamba. Bonde hilo lilikuwa na mabwawa ya samaki ya Gaspari na baa yake mpya. Kisha, baada ya Jumapili moja, bonde likaota kilima. Kwenye kompyuta tu, lakini siku hizi kompyuta ndiyo inayosadikiwa. Na kwa kuwa kilima hakiwezi kushika maji, tuta likahamishiwa juu, na vigingi vikapigwa katikati ya migomba ya Ma Kokuberwa, mjane, baina ya kaburi la mumewe na kaburi la mama mkwe wake.

Ma Kokuberwa hakujua kusoma ramani. Alikwenda Kayanga akauliza ni lini kinamasi cha Gaspari kilipanda juu. Katika ofisi ile yenye vyeti vya chuo kikuu ukuta mzima, hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Hapo Cassian akawahi polisi kabla ya mtu mwingine kuwahi. Kilima ni cha uongo, alisema, na aliyekipandisha ni Noela. Faili limo kwenye kompyuta yake, na jina la mwisho lililolihifadhi ni lake. Mtaalamu wa mkoa aliletwa kutoka Bukoba, akachukua nakala ya kila kilichomo, akaandika ripoti nene ambayo ukiikamua inasema kwamba kompyuta ya Noela ni kompyuta ya Noela. Mkuu wa upelelezi wa wilaya akaridhika. Binti angesomewa shitaka siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana.

"Gaspari ni nani kwako?" Mackrine aliuliza.

"Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Sikufichi." Cassian alitabasamu. "Ndiyo sababu mimi singethubutu. Ningekuwa mjinga kiasi hicho?"

Mackrine aliona swali hilo linastahili kuchunguzwa.

"Nionyeshe basi kilima kinavyopandishwa. Mimi sijui kitu."

Mhandisi alipenda kusikia hivyo. Alifungua mchoro wa kazi nyingine, bonde lenye rangi ya kijani likajitokeza kwenye skrini, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kurukaruka bila yeye kuvitazama.

"Huu wa juu ndio uso wa ardhi. Chini yake ziko nukta za vipimo, zile tulizopima kwa miguu. Ukitaka kuchezea uso, kwanza unauficha, uone nukta zako zimekaaje. H." Uso ukatoweka, zikabaki nukta tupu. "Unaurudisha. Unashika sehemu, unaivuta juu. Kilima hicho! Umeona nimegusa kipanya? Hata kidogo."

"Hiyo H inaficha kwenye kila kompyuta?"

"Kwa programu hii, dunia nzima. H kuficha, D kunakili. Ukibonyeza D unapata nakala, imekaa palepale juu ya kile cha kwanza. Haya mambo yapo kwenye vidole, afande mama. Wewe ukila unatafuta mdomo?"

"Noela naye anayajua?"

"Yule? Nilimfundisha mimi, msimu wa senene uliopita, palepale mezani kwake. Alikuwa anauliza D ni ya nini." Alitafuna, akacheka na kutafuna kwa pamoja. "Lakini kumbe tamaa hakuhitaji kufundishwa."

"Baada ya siku hiyo uliwahi kuitumia tena kompyuta yake?"

"Niitumie ya nini? Tangu siku ile sijaigusa hata kwa kidole. Andika hivyo, kijana."

Elpidius, mwenye watoto wanne na mvi za kutosha, aliandika hivyo. Mackrine alimwomba mhandisi aweke sahihi. Aliweka kwa madoido, na doa la mafuta likabaki pembeni ya karatasi.

Lameck aliwafuata mpaka kwenye ngazi. Alikuwa kijana wa Kiruruma mwenye kola iliyofungwa mpaka juu, na jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Shikamoo afande. Tafadhali, waitu, mimi Jumapili ile sikuwepo."

"Marahaba. Ulikuwa wapi? Bosi wako anasema ulikuwa unaumwa."

Lameck akageuka kuutazama mlango wa ofisi. Ofisi ile ilikuwa na funguo tatu, wa Cassian, wa Noela na wake, na nywila ya kila kompyuta ilijulikana na wote watatu. Mlinzi wa getini Jumapili hiyo alikuwa amekunywa pombe ya rubisi tangu asubuhi, asingeweza kushuhudia hata kuzaliwa kwake. Kwa siku mbili Mackrine alikuwa akimtazama Lameck kwa jicho baya kwa sababu ya jasho hilo.

"Nilikuwa ng'ambo ya Murongo," alisema mwishowe. "Kwa wakwe. Yaani, bado si wakwe. Nilimdanganya Injinia kwamba nina malaria."

"Tunajua," Elpidius alisema. "Nimepiga simu mpakani jana. Ulipita asubuhi na mbuzi, ukarudi kesho yake bila mbuzi. Umekubaliwa?"

"Wanajadiliana."

"Basi acha kutoka jasho," Mackrine alisema. "Ulitaka kusema nini kingine?"

"Lile faili la Kituntu, afande. Limekuwa zito. Zamani lilifunguka mara moja, sasa ukilifungua kompyuta inahema mpaka unaionea huruma. Nilimwambia Injinia, akasema tatizo ni mimi na kipanya changu."

Mackrine alishuka ngazi akiliwaza hilo. Kilima kimoja cha uongo kilikuwa kimeongezwa kwenye bonde moja. Hata yeye asiyejua kitu hakuona kwa nini kiwe na uzito huo.

* * *

Nje ya kituo, kwenye benchi linaloangalia mlango, alikuwa amekaa Ma Kokuberwa. Alikuja kila asubuhi kutoka Kituntu, akaketi, akaweka kikapu miguuni, akautazama mlango mpaka mchana. Alikuwa ameambiwa kwamba humo ndani yumo binti aliyetaka kumzika mumewe mara ya pili, safari hii majini, na alitaka kuuona uso wake wakati anatolewa kupelekwa mahakamani. Mackrine alimwamkia, naye akaitika bila kuondoa macho mlangoni.

Noela aliletwa kwenye chumba cha upelelezi akiwa pekupeku. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na kila mtu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekitazama chakula, kimenitazama."

"Noela, leo mchana unapelekwa kwa hakimu. Kama una la kusema, sema sasa."

"Nimesema tangu siku ya kwanza. Jumapili ile nilikuwa nyumbani Kiruruma, naanua kahawa peke yangu, wengine wote wako ibadani. Shahidi wangu ni kahawa. Mkaandika kwamba sina shahidi." Sauti yake ilikwaruza, akaitengeneza. "Baba yangu ni mzee wa kanisa, afande. Na mimi nikishasomewa shitaka la kughushi vipimo, nani atanipa tena kuchora hata choo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu kwamba anaogopa, na ilionekana ilimuudhi kuonyesha. Mackrine alimhurumia, akaiweka huruma pembeni kwa sababu haikuwa ushahidi. Alimwagiza Elpidius afungue mfuko wa vielelezo. Kompyuta mpakato ya Noela ikawekwa mezani, na ndani yake wakaweka nakala ya faili kutoka Bukoba, ili lile lenyewe lisiguswe.

"Fungua Kituntu. Konstebo anaangalia kila unachofanya. Nataka kujua kwa nini ni zito."

Noela alilifungua. Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Binti akakunja uso.

"Hii ilikuwa haihemi hivi."

Bonde la Kituntu likajichora taratibu, na katikati ya mafunjo ya Gaspari kikasimama kile kilima. Kilikuwa cha mviringo na laini mno, bila bonde dogo wala ufa. Mtu aliyekichora hakuwa amejisumbua hata kukidanganyia mmomonyoko.

"Kazi ya mlevi," Noela alisema. "Mimi nikiamua kudanganya nisingechora chungu kilichofunikwa."

Aliushika uso wa ardhi wenye kilima, akausogeza pembeni ili aone nukta. Badala ya nukta, chini yake palikuwa na uso mwingine wa ardhi, wenye bonde lake la kweli, halina kilima. Aliusogeza huo nao. Chini yake kulikuwa na mwingine vilevile. Akausogeza, na mwingine. Akaendelea, na mwingine, na mwingine, kama mtu anayechambua chapati zilizopangwa kwenye sahani, zote sawa, zote zimelaliana palepale, isipokuwa ile ya juu kabisa iliyokuwa na kilima.

Elpidius aliacha kuandika.

Noela alitazama rundo hilo, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Mpumbavu yule," alisema. "Mpumbavu wa vyeti."

"Nieleze mimi," Mackrine alisema, "kana kwamba ni mpumbavu mwingine."

"Afande, bonyeza D hapo."

Mackrine alibonyeza. Kitufe kilikuwa kigumu, hakikushuka.

"Imekufa. Unajua imekufaje? Msimu uliopita Injinia alikuja kunifundisha shotikati, mimi niliyezijua tangu chuo. Akakaa pembeni ya meza yangu na mfuko wake wa senene, anatafuna, anabonyeza, anatafuna, anabonyeza. Mafuta, chumvi, miguu ya senene, vyote humu ndani. Kesho yake D haishuki. Nikamwambia tupeleke kwa fundi. Akasema mchoraji mwenye akili hababaishwi na herufi moja. Nikatafuta akili. D ndiyo ya kunakili, naihitaji kutwa. H ya kuficha mimi situmii, nikitaka kuficha nazima tabaka zima. Basi nikaingia kwenye mipangilio, nikahamishia kunakili kwenye H. Mpaka leo, kwenye mashine hii, ukibonyeza H huoni kitu kimefichika. Huoni chochote. Unatengeneza nakala juu ya nakala."

"Na mtu asiyejua angefanyaje?"

"Angebonyeza tena."

Feni ya kompyuta ilikuwa bado inalia.

Mackrine hakuwa mtu wa kuinuka kitini kwa furaha. Aliuliza kilichobaki. Mpangilio huo ulibadilishwa lini? Noela alimwonyesha, na Elpidius akainama akaisoma tarehe kwa sauti: msimu wa senene uliopita, siku chache baada ya somo la mhandisi. Je, haukuweza kubadilishwa baadaye, baada ya kesi kuanza? Elpidius akailinganisha na nakala ya Bukoba, iliyochukuliwa kompyuta ikiwa mikononi mwa polisi. Tarehe ilikuwa ileile. Mtaalamu wa mkoa alikuwa ameiweka mfukoni na kuondoka nayo bila kujua amebeba nini.

Alipomrudisha Noela kwenye kiti cha nje ya chumba, Elpidius alifunga mlango.

"Lameck?" Mackrine alimuuliza.

"Lameck hata kufungua mlango angetafuta orodha. Habonyezi herufi yoyote, na alikuwa Uganda na mbuzi."

"Noela?"

"Anajua H yake inafanya nini. Angeibonyeza mara moja akitaka nakala, si kulundika namna hii."

"Nani anabaki?"

"Mwenye vidole visivyotafuta mdomo," Elpidius alisema, na dharau aliyoiweka hapo ilimpendeza mkubwa wake.

"Lakini hakimu hatanihukumia vidole. Atasema ni maelezo ya mshitakiwa na mashine yake. Nataka mtu mwenyewe aseme." Alitazama saa ya ukutani. "Mpigie Injinia simu. Mwambie tumeshindwa. Mwambie polisi hawaelewi, tunahitaji mtaalamu atuonyeshe jinsi binti alivyofanya, ili shitaka likae vizuri."

"Atakuja?"

"Kuitwa mtaalamu mbele ya watu wasiojua? Atakuja akikimbia."

* * *

Hakukimbia, lakini alifika kabla chai ya Elpidius haijapoa. Alipita mbele ya Ma Kokuberwa bila kumwamkia, akampita Noela kwenye kiti chake kama anayepita ndoo, akaingia na kuweka mfuko wake wa senene juu ya jalada la kesi.

"Mnaona sasa," alisema. "Nilisema tangu mwanzo. Haya mambo si ya kila mtu."

"Si ya kila mtu," Mackrine alikubali. "Keti hapa, Injinia. Hii ndiyo kompyuta yake. Faili ni nakala, usiogope kuharibu. Fanya kama yeye alivyofanya, polepole, tuone."

Cassian alikitazama kibodi kwa kinyaa, akakipangusa kwa kiganja, kiganja kilekile cha senene. Alisogeza kiti. Kwenye skrini lilikuwapo bonde la Kituntu kama lilivyopimwa mwanzo, uso mmoja tu, mwepesi, Noela alikuwa ameliandaa hivyo mbele ya konstebo.

"Kwanza," mhandisi alisema, macho juu kwenye skrini, "anauficha uso."

Kidole kikaenda chenyewe kwenye H.

Uso ulibaki palepale.

Akabonyeza tena, akiendelea kueleza habari za nukta. Uso haukuondoka. Akabonyeza tena, na tena. Maelezo yakakatika. Sasa alikuwa akiipiga H kwa ncha ya kidole kama anayegonga mlango wa mdaiwa, na feni ya kompyuta ikaanza kulia. Elpidius alikuwa ameshika kalamu. Mhandisi alichota senene kwa mkono wa kulia, akatupa mdomoni, na kwa mkono wa kushoto akaendelea kupiga.

"Vipi, Injinia?" Mackrine aliuliza kwa upole. "Imegoma?"

"Ndiyo takataka yake hii," Cassian alisema, akitafuna. "Haifichi. Hata juzi ilinisumbua hivihivi, nikabonyeza mpaka nikaiacha."

Kalamu ya Elpidius ilisikika ikitembea juu ya karatasi.

"Juzi lini, Injinia?"

Taya lilisimama. Senene walibaki mdomoni, kidole juu ya H.

"Nasema... zamani. Mwaka jana. Nilipokuwa namfundisha."

"Mwaka jana H ilikuwa inaficha. Wewe mwenyewe ulimwonyesha, ikaficha. Ilibadilika baada ya siku ile, kwa sababu D ilikufa. Ibonyeze."

Hakuibonyeza. Mackrine alinyoosha mkono akaibonyeza yeye, isishuke.

"Unajua imekufa kwa nini? Sababu iko mdomoni mwako."

"Huo ni ujinga," Cassian alisema, lakini alimeza kwanza.

"Na asubuhi umetia sahihi kwamba tangu somo lile hujaigusa hata kwa kidole. Konstebo, mwonyeshe. Ina doa la mafuta pembeni, hataikana." Mackrine aliisogeza kompyuta upande wake, akashika kipanya, kile cha watoto, akavuta uso wa ardhi pembeni. Chini yake ukaonekana mwingine, na mwingine, lundo ambalo mhandisi alikuwa amelitengeneza muda huo huo mbele ya macho yao. Kisha akafungua nakala ya kutoka Bukoba, ile yenye kilima, akavuta vivyo hivyo. "Hizi za sasa hivi. Hizi za Jumapili. Umebonyeza, haikuficha, ukabonyeza tena kwa hasira. Mtu mwingine angeshuka na macho akatazama kibodi kina nini. Wewe hutazami. Umeniambia mwenyewe."

"Yule binti alibadilisha vitufe kunitega!"

"Akutege vipi kwenye mashine ambayo huigusi?"

Baadaye Elpidius alisema kwamba hapo ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza mhandisi akitazama chini, kwenye kibodi, akikitafuta kitufe.

Mlango ulifunguliwa na mkuu wa upelelezi wa wilaya mwenyewe, saa mkononi, akiuliza jalada la Noela liko wapi maana gari linasubiri. Mackrine alilinyanyua, akaondoa mfuko wa senene juu yake, akampa.

"Liko tayari, mkuu. Jina tu ndilo linabadilika."

Kaunta ya kituo haina heshima kwa mtu yeyote. Elpidius alimwambia mhandisi avue mkanda, saa na viatu, atoe vilivyomo mifukoni. Vikapangwa kwa mstari: funguo za gari, funguo za ofisi, simu mbili, na mwishoni mfuko wa senene, ambao alikuwa ameubeba mpaka hapo bila kujijua. Alisimama pekupeku kwenye saruji, na miguu yake ilikuwa laini kiasi cha kushangaza kwa mtu anayejiita mpima ardhi.

Noela naye alikuwa kaunta hiyohiyo, upande wa pili, akivaa viatu vyake. Alizifunga kamba, akazifungua kwa hasira, akazifunga upya.

Ma Kokuberwa alikuwa ameingia na kusimama mlangoni na kikapu chake. Aliwatazama wote wawili, mwenye kuvaa viatu na mwenye kuvuliwa.

"Ni yupi?" aliuliza.

"Ni huyu, Ma," Mackrine alisema.

Mjane alimtazama mhandisi kuanzia kichwani, akashuka, akafika miguuni, akakaa hapo muda mrefu.

"Kumbe miguu anayo," alisema. "Si angekuja tu akanyage lile bonde akaona."

Kisha akamgeukia Noela. Hakuomba radhi kwa asubuhi zote zile za kuutazama mlango. Aliinua kikapu akakiweka mbele ya binti, na ndani yake, chini ya jani la mgomba, mlikuwa na ndizi za kuchoma zilizokuwa bado na joto, alizokuwa amejibebea za mchana. Noela alikula ya kwanza akiwa amesimama, akimaliza kwa pumzi moja, machozi yanamtoka na yeye hayafuti.

Elpidius alileta kompyuta kutoka chumbani, airudishe kwenye mfuko wa vielelezo, akaiweka kwanza juu ya kaunta, karibu na vitu vya mhandisi. Noela aliiona. Alijipangusa vidole, kimoja kimoja, akanyoosha mkono na kuisogeza mpaka mwisho wa kaunta, mbali na ule mfuko wa senene.

"Konstebo, nakuomba," alisema. "Isije ikafa na H."